UZI: Sarufi ya Kiswahili cha Kigoma na Tabora: "anakujaga", "katoto kanalia", "ng'ombe zimekula". Tuweke kanuni, kejeli pembeni

Mgebuka_Mkavu (mwanzisha uzi, Kigoma)

Wakuu, heshima kwenu.

Kila mwaka huku wanaletwa watumishi wapya: walimu, manesi, maafisa ugani. Wiki haijaisha wameshaanza kucheka. "Eti anakujaga!" "Eti kuku zangu zimeibiwa!" Wanaondoka na imani kwamba mtu wa Kigoma au Tabora hajui Kiswahili. Ukitega sikio vizuri utaona haropoki mtu. Mvuvi wa Kibirizi, mkulima wa Kasulu na mrina asali wa Sikonge wanaachana na kitabu mahali palepale na kwa namna ileile. Hapo pana kanuni, na kanuni inaandikika.

Masharti ya uzi ni haya: ukileta neno, leta sentensi nzima, taja eneo, na ugawanye viambishi kwa vistari. Utani wa makabila una jukwaa lake.

Nianze na -ga, maana ndiyo inayochekwa kuliko zote.

Kiswahili sanifu kinaonyesha mazoea kwa hu-: mimi huenda, wewe huenda, wao huenda. Sasa tazama udhaifu wa hu-. Haipokei nafsi. Haipokei njeo, yaani wakati. Haikanushiki. Ukitaka mazoea ya zamani unazunguka: "nilikuwa nikienda". Ukitaka kukanusha unazunguka tena: "huwa siendi". -Ga inaingia kotekote ambako hu- imeshindwa:

naenda → naendaga
siendi → siendagi
nilikuwa naenda → nilikuwa naendaga
anayekuja → anayekujaga
anaitwa → anaitwaga
wanapigiana simu → wanapigianaga simu
uwe unakuja → uwege unakuja (wengine "uwage")

Gawanya "siendagi" upate si-end-ag-i. Kumbe kiungo chenyewe ni -ag-, na kinakaa baada ya mzizi na minyambuliko yote, kabla ya irabu tamati. Ndiyo maana irabu ya mwisho inafuata ukanushi kama kawaida: -a kwenye uyakinishi, -i kwenye ukanushi. Mtu anayesema "siendaga" amebandika -ga juu juu, na mara nyingi ni mgeni anayeiga.

Angalizo moja. Ikikutana na -li- maana inahama. "Nilisikiaga" haina maana ya kusikia kila siku, bali niliwahi kusikia, zamani kidogo. Na pamoja na -me- ni nadra kuisikia, kwa sababu -me- inaeleza jambo lililofikia tamati na -ag- inaeleza jambo linalojirudia.

Karibuni.

---

AsaliMbichi (Tabora)

Mwangaluka wakuu.

Naunga mkono, ila tusije tukaambiwa -ga ni mali ya Wasukuma na Wanyamwezi. Kweli Kinyamwezi na Kisukuma wanayo na inafanya kazi kila siku, na kwa huku Tabora ndiko inakopata nguvu. Lakini Kinyarwanda kina "yakoraga", yaani alikuwa akifanya kazi. Kikuyu kinayo. Lingala kinayo kwa sura ya -aka. Wataalamu wa Kibantu cha kale wanairudisha hadi kwenye lugha mama, wanaiandika -ag-. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini Pwani waliiacha. Bara hawakuibuni.

---

Behewa_la_Tatu

Nimekaa siti ya dirishani. Swali la haraka: mwanafunzi akiandika "sipendagi" kwenye mtihani apewe vema?

---

Mgebuka_Mkavu

Hapewi, mkuu. Mtihani unapima Kiswahili sanifu na mtoto ana haki ya kukijua. Shida ni namna ya kusahihisha. Walimu wengi wanakata "ga" kwa kalamu nyekundu wanaendelea na safari. Mtoto anajifunza kwamba "ga" ni uchafu wa kufuta tu, anafuta, na maana inaondoka nayo. "Nilisikiaga" ukiikata inabaki "nilisikia", ambayo ni jambo jingine kabisa.

Badala yake tafuta -ga imefanya kazi gani, kisha umpe mbadala wa kazi hiyo:

Ikiwa ni mazoea ya sasa: "anakujaga Jumamosi" → "huja Jumamosi".
Mazoea yaliyokanushwa: "sipendagi" → "huwa sipendi".
Mazoea ya zamani: "tulikuwa tunacheza­ga hapa" → "tulikuwa tukicheza hapa".
Jambo la wakati fulani wa nyuma: "nilisikiaga" → "niliwahi kusikia".
Agizo la kuendelea: "uwege unanipigia" → "uwe unanipigia".

Na "huwaga" ni mazoea mara mbili, hu- na -ag- kwenye neno moja. Inasikika mpaka Dar es Salaam siku hizi, tena kwa watu wenye suti.

---

Kasulu_Kwetu

Mtoa mada umesahau upande wa magharibi. Kigoma si ya -ga peke yake. Kaa gatini siku boti za Kongo zimetia nanga utasikia -ka: "analalaka", "tunafanyaka". Kazi ni ileile ya mazoea, kiungo ni ndugu yuleyule, ila sauti ni k. Ng'ambo ya ziwa Kiswahili chao kina -ka, upande wetu -ga, na mji wa Kigoma unapokea zote mbili.

Alama nyingine za Kiswahili cha ng'ambo, kwa anayetaka kutofautisha:

Ba- mahali pa wa-: "batoto banalala".
Jambo linaloendelea sasa hivi: "niko nakula", sanifu "ninakula". 
"Iko" inabeba mzigo mkubwa kuliko kwetu, hata kwa mtu.
Vimilikishi vimepungua: "kitabu yangu". Hii Nairobi pia ipo.
-ko ya kulainisha ombi: "nisaidieko". Hii haina uhusiano na mahali, ni adabu.

Na tuweke historia sawa, maana kuna dhana kwamba watu wa bara walipewa Kiswahili kizuri wakakiharibu. Njia ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji, ikavuka ziwa kwenda Manyema. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa Pwani tayari. Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Uamuzi wa kukifanya Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulikuja baadaye, mkutano wa Mombasa wa 1928. Kwa hiyo watu wa Ujiji walikuwa wanauza chumvi na mawese kwa Kiswahili chao muda mrefu kabla ya kile cha kitabu kupewa cheo.

---

Behewa_la_Tatu

Hapo kwenye mwisho nakazia kwa wino wa bluu.

---

MamaMchikichi (Kigoma)

Nimeona mmekimbilia vitenzi mmeacha ngeli, na ngeli ndizo zinazomchanganya mgeni.

La kwanza, wanyama. Kiswahili sanifu kinafuata uhai: ng'ombe, kuku, kiboko, wote wanavuta upatanisho wa mtu. Ng'ombe wamekula, kiboko ametoka, hata kama kiboko ana ki-. Kirundi na Kiha (lugha ya Waha wa Kigoma) havifanyi hivyo. Mnyama anabaki kwenye ngeli yake: inka yanje, inka zanje, inka zirarya. Mtoto aliyelelewa hivyo akisema Kiswahili anakwambia "ng'ombe zinakula", "mbuzi imekufa". Hajakosa upatanisho hata kidogo. Amepatanisha vizuri sana, ila kwa umbo la ngeli na si kwa uhai. Na angalieni mpaka wake: haendi kwa binadamu. Huku kwetu hakuna anayesema "mama imekuja". Mwalimu anayetaka kufundisha afundishe sheria moja tu, kwamba sanifu inapanua uhai mpaka kwa wanyama. Akianza kumsahihishia mtoto neno mojamoja, mbuzi leo, kuku kesho, watazeeka wote wawili.

La pili, ka- na tu-. Sanifu inadogosha kwa ki-/vi-: kitoto, vitoto. Kirundi kina akana, utwana. Kinyamwezi nacho kina ka- na tu-. Kiswahili cha huku kimechukua jozi nzima pamoja na upatanisho wake:

Kale katoto kako wapi?
Kanyumba kangu kamebomoka.
Tutoto twangu tumelala.

Mfano wa mwisho una mtego. "Tumelala" kwa umbo ni sawa na "sisi tumelala". Ukisikia sentensi nusu kwenye simu unaweza kudhani aliyelala ni mzungumzaji. Kinachokuokoa ni "twangu".

Kuna tofauti ya ladha pia. "Katoto" kwa huku ni kadogo, mara nyingi kwa upendo. "Kitoto" kwa wengi kimeshaingia harufu ya dharau. Nesi akimwambia mama "kitoto chako" kwa kufuata kitabu, asishangae akikatwa jicho. Aseme "mtoto wako" yaishe.

---

Tumbaku_Urambo

Dada MamaMchikichi, shikamoo kwa darasa. Mimi ni wa Kinyamwezi, Kiha nasikia juu juu. Kuna kitu kinanisumbua: Mha akiongea, neno lilelile mara lina irabu mbele, mara halina. Inzu, mara "nzu". Kuna utaratibu au kila mtu anavyoamka?

---

MamaMchikichi

Marahaba. Utaratibu upo, na ni mkali.

Nomino ya Kirundi na Kiha ina vipande vitatu: irabu ya mwanzo, kiambishi cha ngeli, mzizi. U-mu-ntu, a-ba-ntu, i-ki-ntu. Kiswahili kimebaki na viwili tu, m-tu. Irabu ya mwanzo inadondoka kwenye mazingira maalumu. Nayatoa kwa Kirundi ambacho kimeandikwa zaidi:

Baada ya vihusishi vya mahali: inzu → mu nzu, igiti → ku giti.
Baada ya kionyeshi kilichotangulia: uyu muntu, kamwe si "uyu umuntu".
Baada ya nta, yaani hakuna: nta muntu.
Na ukimwita mtu: abana → bana!

Tazameni pia kwamba kionyeshi kinatangulia nomino, uyu muntu. Ndiyo maana Mha akizungumza Kiswahili atakuwa na "huyu mtu" nyingi kuliko "mtu huyu". Zote sanifu inazikubali, ila mgao wake unakuonyesha mtu kakulia wapi.

Lakini irabu si kitu. Kitu kigumu kwa mgeni anayejifunza Kiha au Kirundi ni -ra-. Hapa naomba mvute viti.

Abana bararima. (Watoto wanalima.)
Abana barima ibigori. (Watoto wanalima mahindi.)

Wakati ni uleule, watendaji walewale. Ya kwanza ina -ra-, ya pili haina. Kwenye sentensi ya kwanza habari iko ndani ya kitenzi chenyewe, hakuna kinachofuata. Ya pili habari iko kwenye neno linalofuata: mahindi, si maharage. Kitenzi kimefungwa kamba na neno lililo mbele yake.

Kosa la wageni ni hili: wanajifunza "barima" kwenye sentensi ndefu, kisha wanaitumia peke yake. "Abana barima." Wananyamaza. Msikilizaji naye ananyamaza anasubiri, kwa sababu kitenzi kimemwahidi kwamba kuna neno linakuja. Kila mmoja anamwona mwenzake mzito wa kuelewa.

Kiswahili kazi hiyo hakiifanyi ndani ya kitenzi cha namna hii. "Wanalima" ni "wanalima" tu. Ukitaka kusisitiza mahindi unabadili sentensi: "wanacholima ni mahindi". Na msidhani ni mambo ya kwetu huku pekee. Kizulu nacho kinatofautisha: "ngiyahamba" ukiishia hapo, "ngihamba kusasa" ukiongeza kesho.

---

AsaliMbichi

Hili la -ra- nimelisoma mara mbili. Kinyamwezi tuna mateso yetu mengine: irabu saba. Kiswahili kina tano. Kuna i mbili na u mbili, moja imebana, nyingine imelegea, na zinatofautisha maneno. Mtu akiandika Kinyamwezi kwa herufi tano za shule anaunganisha maneno yasiyohusiana, halafu msomaji anakisia. Juu yake kuna urefu wa irabu na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti. Anayekusanya Kinyamwezi aweke herufi au alama tofauti tangu siku ya kwanza. Akisema atarekebisha baadaye, hatarekebisha.

---

Behewa_la_Tatu

Swali la mtu asiye na shule nyingi. Warundi lugha yao wanaiita "Ikirundi". Kiha wanakiita "Igiha". Mbona mmoja ana k mwingine ana g? Walishindwa kuelewana?

---

AsaliMbichi

Umeuliza swali la kitaalamu huku unatania. Jibu lake limetokea Unyamwezi.

Alikuwepo mmisionari Mmoravian, Edmund Dahl, aliyefanya kazi Unyamwezi enzi za Mjerumani. Aligundua kwamba silabi mbili zinazofuatana zikianza na konsonanti zisizo ghuna (zisizotetemesha koo, kama t na k), ile ya kwanza inageuka kuwa ghuna. Mwaka 1903 Carl Meinhof akaiita Kanuni ya Dahl. Mfano wa Kinyamwezi: Kiswahili tunasema -tatu, sisi tunasema -datu. T mbili zimefuatana, ya kwanza ikawa d.

Kirundi kinaipeleka hadi kwenye viambishi. Ki- inabaki ki- mbele ya r, y, g, n.k.: ikirundi, ikiyaga. Inageuka gi- mbele ya t, s, f, h, k: igiti, igiswahili, igifaransa, igiha. Kwenye kitenzi ku- inageuka gu-: kurima, kugenda, lakini gusoma, gukora. Tu- ya "sisi" inageuka du-: turarima, lakini dukora.

Mtu makini atauliza: mbona "ikintu" na si "igintu"? Kwa sababu t pale ina n mbele yake, na nt haihesabiki kama t tupu.

Kwa hiyo ukikutana na kiambishi gi- usiandike ngeli mpya kwenye daftari. Ni ki- iliyovaa koti. Nimeona orodha za watu zina ngeli za ziada kwa kosa hilo tu.

---

Kasulu_Kwetu

Niongeze mitego ya viambishi vinavyofanana sura lakini kazi mbalimbali. Hii ndiyo inayoangusha wakalimani wa zahanati.

-TA-. Kwa Kiswahili ni wakati ujao: "atalima". Kwa Kirundi, kwenye sentensi tegemezi, -ta- ni ukanushi: "umuntu atarima" ni mtu asiyelima. Fikiria umekaa na mgonjwa, unasikia "ata-" unaandika atafanya, kumbe kasema asiyefanya. Ukanushi wa sentensi kuu ni mwingine: sindima (silimi), ntarima (halimi), ntibarima (hawalimi). Na -ta- ya Kiswahili asili yake ni kitenzi "taka"; kirejeshi bado kinaitunza nzima: a-taka-ye-kuja. Hazina undugu hizo mbili.

-KA-. Kwa Kiswahili -ka- ni ya mfuatano: "nikaenda, nikamkuta". Kihaya, ukipanda kaskazini, -ka- ni ya zamani ya mbali. Kina njeo tatu za wakati uliopita: "twakoma" tumefunga leo, "tukomile" tulifunga jana, "tukakoma" tulifunga kabla ya jana. Kiswahili -li- moja inabeba asubuhi ya leo na enzi za Mjerumani.

Kirundi kina mbili, ya karibu na ya mbali, na kinachozitofautisha ni toni kwenye -a-. Kwa maandishi ya kawaida hazionekani. Mwenye kuandika bila toni amepoteza njeo nzima na hana habari.

Na kiambishi cha mtendwa. Kiswahili kina nafasi moja: "alimpa". Ukitaka kusema alimpa kitabu, kitabu hakina pa kuingia ndani ya kitenzi, "alikimpa" haipo. Kirundi kinavibeba vyote: ya-ra-ki-mu-ha-ye, "yarakimuhaye", alimpa hicho. Ki- ni kitabu, mu- ni mtu. Mha akisema kwa Kiswahili "alimpa" bila kutaja kitabu, kichwani mwake kitabu kimo. Sikio la mgeni halikioni.

Hapo hata hatujatoka nje ya Kibantu. Wataturu walioko Igunga wanaanza sentensi na kitenzi, na toni ya nomino ndiyo inayosaidia kujua nani katenda na nani katendwa. Hiyo ianzishiwe uzi wake.

---

Tumbaku_Urambo

Sawa wakuu. Nataka kurekodi wazee wa Urambo, Kinyamwezi na Kiswahili chao. Naanzia wapi? Mwenye uzoefu anipe hatua, si nadharia.

---

Mgebuka_Mkavu

Kabla ya kurekodi, nenda kwa mtendaji wa kata na barua, kisha mwombe ridhaa mzungumzaji mwenyewe kwa sauti, ridhaa hiyo ibaki kwenye rekodi. Ukifika na simu bila kujitambulisha watadhani ni mambo ya kodi ya ardhi.

Chagua watu wa rika tofauti, wanaume na wanawake, waliokulia palepale. Epuka kuanza na mwalimu mstaafu. Atakupa Kiswahili cha ubaoni, tena kwa furaha.

Usiulize "je, sentensi hii ni sahihi?" Neno "sahihi" linamwamsha mwalimu aliyelala ndani ya kila mtu. Uliza "hapa kwenu mtu anaweza kusema hivi?" Afadhali zaidi usiulize sarufi kabisa. Ukitaka -ag-, mwombe akueleze zamani walikuwa wanavunaje asali, mizinga wanaitundika wapi, nani haruhusiwi kwenda. Mazoea na ukanushi vitamiminika vyenyewe. Ukitaka mfuatano wa matukio, omba hadithi. Ukitaka upatanisho wa wanyama, uliza habari za mifugo iliyopotea. Ukitaka ka- na tu-, kaa karibu na akina mama wenye watoto wadogo.

Usimtafsirishe sana. Ukisema "mtu huyu anaitwaje kwa Kinyamwezi?" atafuata mpangilio wa maneno yako, na utaandika sarufi yako mwenyewe kwa jina lake.

Chombo: simu inatosha ukirekodi kwa wav, si mp3. Sampuli 44.1 kHz, biti 16, mono, inakula kama MB 5 kwa dakika, yaani MB 320 hivi kwa saa. Iweke sentimita 30 kutoka mdomoni, juu ya kitambaa. Juu ya meza tupu kila gonga linaingia. Zima mitandao. Epuka bati wakati wa mvua na epuka upepo. Toni ndiyo ya kwanza kuharibika.

Jina la faili liwe eneo, tarehe, namba ya mzungumzaji, mada. Jina lake halisi lisikae kwenye faili.

Kunukuu: mstari wa kwanza neno kama lilivyotamkwa, wa pili vistari, wa tatu kazi ya kila kipande, wa nne maana. Mfano:

hawaendagi
ha-wa-end-ag-i
ukanushi-wao-mzizi-mazoea-irabu tamati
huwa hawaendi

Programu ya ELAN ni ya bure na inafunga maandishi kwenye sauti, ukibofya neno unalisikia. Jiandae: dakika moja ya mazungumzo ukiigawanya hivyo inaweza kula saa nzima. Kwa hiyo usirekodi saa kumi za wazee halafu zikakulemea. Dakika 20 zilizonukuliwa vizuri kwa kila mtu, watu 6 hadi 8, zinakupa cha kushika.

Kinachoharibu kazi nyingi ni mnukuzi anayesahihisha bila kujijua. Mzee kasema "anakujaga", mnukuzi anaandika "huja". Mpe mtu wa pili asikilize theluthi ya rekodi bila kuona nukuu ya kwanza, kisha mlinganishe.

---

MamaMchikichi

Ongeza moja: ukirekodi kundi, mkubwa ndiye atakayejibu na wengine wataitikia "ndivyo". Utarudi na lahaja ya mtu mmoja na kwaya yake. Mmoja mmoja kwanza, kundi baadaye.

---

Behewa_la_Tatu

La mwisho nishuke. Vitenzi vya kukopa havina -a mwishoni: rudi, jibu, sahau. -Ag- inakaa wapi hapo?

---

Mgebuka_Mkavu

Swali zuri, na hapo kila mtu ana lake. Kanuni inataka irabu tamati ya Kibantu, na "rudi" haina. Kuna wanaosema "anarudigi", wakiifuata irabu iliyopo, na kuna wanaosema "anarudiga", wakibandika -ga tupu. Wengine wanakwepa kwa kuweka kitenzi kingine mbele: "anakuwaga anarudi".

Tumbaku_Urambo, ukienda kurekodi weka rudi, jibu, sahau, samehe na fikiri kwenye orodha yako, kila kimoja kwa uyakinishi na ukanushi. Andika rika la msemaji pembeni, halafu uje utuwekee hapa.